Saa Nne Asubuhi, Maji Yamekupwa

Chukua ndoo moja ya maji machafu. Ndoo ya kawaida, ya lita ishirini, maji yaliyooshea masufuria ya mama lishe mmoja pale Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Mama lishe anatazama huku, anatazama kule, mgambo hayupo, anamwaga. Mimi na wewe, msikilizaji, kazi yetu leo ni kuifuata ndoo hiyo mpaka mwisho wake.

Nimeanza na ndoo kwa sababu nakujua. Ningeanza kwa kutamka jina la ofisini la mada hii, ufuatiliaji wa pamoja wa ubora wa maji ya bandari, saa hizi ungekuwa umeshahamia stesheni ya jirani kusikiliza uchambuzi wa Simba na Yanga.

Haya, twende. Kariakoo imekaa kama mgongo wa ng'ombe. Ukiwa katikati ya umati hukioni kilima chochote, macho yako yote yapo kwenye bidhaa na mkono wako upo kwenye mfuko wa simu, lakini maji yanakijua kilima hicho. Upande mmoja yanateremka Jangwani, yanaingia Mto Msimbazi, ule unaotoka milima ya Kisarawe na kuingia baharini pale daraja la Salenda. Upande wa pili yanashuka Gerezani, yanapita bondeni karibu na reli, na hayo hayana safari ndefu: yanaingia bandarini. Tuseme ndoo yetu imeangukia upande huu wa pili.

Sasa hesabu nami wenye mali. Yakiwa kwenye karai, maji ni ya mama lishe. Yakimwagika mtaani, usafi wa mtaa ni wa Halmashauri ya Jiji, ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala mpaka Februari 2021. Yakiingia mtaroni, inategemea mtaro: wa barabara ya mtaa ni wa TARURA, wa barabara kuu ni wa TANROADS. Yakipenya kwenye chemba iliyoibwa mfuniko yamekuwa majitaka, na majitaka ni ya DAWASA. Yakifika bondeni yakajikusanya yakawa kijito, kijito kiko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao Morogoro. Yakigusa bahari ndani ya mipaka ya bandari, hapo ni TPA, Mamlaka ya Bandari. Yakikutana na uchafu uliotoka melini, utamtafuta TASAC, maana masuala ya meli ni yake. Samaki akiyanywa, ni watu wa uvuvi na watafiti wao wa TAFIRI. Mtu akimla samaki akashikwa na tumbo, ni Wizara ya Afya. Juu ya wote hao yupo NEMC, Baraza la Mazingira, lililoundwa 1983 na kupewa meno na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Na pembeni kabisa Mkemia Mkuu wa Serikali amekaa na maabara yake, anasubiri aletewe chupa.

Ndoo moja tu. Vidole vya mikono miwili vimekwisha, nimeanza kuazima vya jirani.

Usidhani nawacheka. Kila mmoja kati ya hao ana sababu ya kuwepo, na bandari kama ya kwetu haiwezi kuwa ya mtu mmoja hata ungetaka. Itazame kwenye ramani. Mlango wake ni mwembamba. Ukisimama Magogoni ukiwa unasubiri pantoni, unamwona mtu wa Kigamboni akifua nguo. Ukishaingia ndani inapanuka, inapinda kusini, inapita magati, inapita Kurasini kwenye gati za mafuta, inapita chini ya Daraja la Nyerere lililofunguliwa Aprili 2016, halafu inagawanyika kwenye mikoko. Huko mwisho inapokea mito miwili, Kizinga na Mzinga. Kizinga huo huo, huku juu, ndio unaolisha mtambo wa maji wa Mtoni. Yaani kuna watu Temeke wanaofungua bomba asubuhi wakapata maji ya mto ambao mchana, kilomita chache mbele, umeshakuwa bandari.

Kwa hiyo swali langu halihusu wingi wa ofisi. Nauliza: chupa ya huyu na chupa ya yule zikikutana, zinaelewana?

Nitakueleza kwa nini nauliza hivyo. Miaka kadhaa iliyopita niliomba lifti kwenye boti ya vijana waliokuwa wanachukua sampuli. Ofisi yao siitaji, na haina haja. Boti ya faiba, injini moja, nahodha mzee asiyesema. Kijana wa maabara alinipokea kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Vaa kwanza hili jaketi okozi, tukupige picha baadaye."

Kituo cha kwanza akatoa kisahani cha bati, ukubwa wa sahani ya wali, robo nyeupe, robo nyeusi, nyeupe tena, nyeusi tena. Kimefungwa kwenye kamba yenye fundo kila nusu mita. Akakishusha taratibu huku amekiinamia kama anayechungulia kisimani. Fundo la kwanza kikaonekana. La pili kikaonekana kwa shida, rangi ya chai ya rangi. Kabla ya fundo la tatu kikapotea. Akaandika. Kifaa chote ndicho hicho, hakina betri wala programu. Wazo lake lilitoka kwa padri Mtaliano, Angelo Secchi, aliyeshusha sahani yake katika Bahari ya Mediterania mwaka 1865, Dar es Salaam ikiwa ndiyo kwanza Sultani Majid wa Zanzibar anaijenga. Tangu hapo wanasayansi wametengeneza vyombo vya mamilioni, lakini ukitaka kujua haraka maji yana tope kiasi gani, bado unashusha sahani ya padri.

Halafu chupa. Hapa nilikemewa. Nilitaka kumsaidia, nikashika mdomo wa chupa. "Mzee, hiyo tena haifai. Vidole vyako vina vijidudu vingi kuliko bahari." Akachukua nyingine. Akaizamisha kina cha kiwiko, mdomo ukitazama mkondo unakotoka, akaifungulia humo humo majini, akaiacha ijae lakini isijae mpaka juu, maabara wapate nafasi ya kuitikisa. Chupa ya kupimia oksijeni ikawa kinyume chake: hiyo ijae mpaka ifurike, hewa isiingie hata povu moja, maana hewa ikiingia unakuwa umepima hewa. Kalamu isiyofutika. Jina la kituo, tarehe, saa. Kisha ndani ya kasha la barafu, na kuanzia hapo saa inahesabu: chupa za vijidudu zinatakiwa zifike maabara ndani ya masaa sita. Zikichelewa, vijidudu vingine vitakuwa vimekufa njiani na vingine vimezaana, na wewe utakuwa unapima foleni ya Barabara ya Kilwa.

Nikaichungulia fomu yake. Ilikuwa na nafasi ya kituo, nafasi ya saa, joto, rangi, harufu, hata nafasi ya mawingu. Nafasi ya kuandika kama maji yanajaa au yanakupwa haikuwepo. Nikamuuliza. Akacheka, akanionyesha pembeni mwa karatasi, alikoandika kwa penseli herufi mbili ndogo. "Hiyo naweka mwenyewe, mzee. Bosi akiandika ripoti anaifuta."

Basi herufi mbili zile za penseli ndizo mazungumzo yangu yote ya leo.

Mvuvi yeyote wa Kigamboni anajua hiki nitakachosema, na anakijua tangu ana miaka saba. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ni bamvua. Maji yanapanda sana na yanashuka sana, tofauti ya zaidi ya mita tatu kati ya kujaa na kupwa. Kati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, yanasogea kwa uvivu, pengine mita moja tu. Na bamvua la pwani yetu lina saa zake. Maji hujaa kwenye saa kumi hivi, ya alfajiri na ya jioni. Hukupwa kwenye saa nne hivi, ya asubuhi na ya usiku. Wiki moja mbele, maji yakiwa mafu, saa zimegeuka: saa nne asubuhi ndipo maji yamejaa.

Sasa mlete ofisa wetu. Kaingia kazini saa moja na nusu. Kamtafuta dereva, kasaini karatasi ya mafuta, barafu haijafika, barafu imefika. Anapanda boti saa ngapi? Saa nne. Saa nne ya serikali haina bamvua wala maji mafu, ni saa nne tu.

Akienda wiki ya bamvua, saa nne bahari imetoka. Kilichobaki kwenye vidole vya bandari, kule Gerezani na Mtoni, ni kile kinachoshuka kutoka mjini. Ndoo yetu ya mama lishe imo, pamoja na za wenzake. Chupa yake itakuja na majibu ya kutisha. Mwenzake wa ofisi nyingine akienda wiki inayofuata, saa ile ile, mahali pale pale, maji yamejaa, bahari imeingia na chumvi yake yote. Chupa yake itakuja na majibu ya kutuliza. Wote wawili ni waaminifu, hakuna aliyekula rushwa wala kupika namba. Mwisho wa mwaka watakutana kwenye ukumbi wa hoteli, kila mmoja na slaidi zake, na mmoja atasema bandari inakufa, mwingine atasema hali inaridhisha. Mwenyekiti atapendekeza iundwe kamati.

Halafu vipimo vyenyewe navyo vina kabila. Mmoja ametafuta kijidudu cha kinyesi kile tunachokitafuta kwenye maji ya kunywa, E. coli. Mwingine ametafuta enterokokasi. Kwenye maji ya bahari huyu wa pili ndiye shahidi mzuri zaidi, kwa sababu anavumilia chumvi, wakati mwenzake hufa mapema na kuacha uchafu wenyewe upo. Huwezi kuweka namba ya huyu kando ya namba ya yule ukasema afadhali. Ni kama kulinganisha kilo za mchele na futi za kitambaa, na Kariakoo ukimfanyia hivyo mteja, utapigwa.

Kwa hiyo mimi nikisikia taasisi zimesaini makubaliano ya ushirikiano, nafurahi, picha ni nzuri, suti ni nzuri. Lakini nauliza swali la kimvuvi: mmekubaliana kwenda maji gani? Wakikubaliana kwamba kila bamvua, saa ya kupwa, na kila bamvua, saa ya kujaa, vituo vile vile, kijidudu kile kile, na namba zinaingia daftari moja ambalo kila mmoja anaweza kulifungua, wamemaliza kazi ngumu. Hata kama hawajasaini kitu.

Tusijifanye kwamba hakuna aliyewahi kupima. Mwaka 1992 mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, John Machiwa, alichapisha katika jarida la kimataifa utafiti wake juu ya uchafuzi wa eneo hili hili la bandari ya Dar es Salaam. Miaka zaidi ya thelathini iliyopita! Na watafiti wa bandari kama hizi hawaishii kwenye maji, wanachota na tope. Tope ni jambo la kuvutia kweli kweli. Maji ya leo kesho yapo Zanzibar. Tope linabaki. Risasi iliyotoka kwenye petroli ya zamani, zinki ya mabati, rangi zilizokwanguliwa melini, vyote vinashuka chini polepole na kulala tabaka juu ya tabaka, na anayejua kusoma anashusha bomba, anatoa kipande cha tope kama muwa, anasoma miaka. Ukitaka kujua nini kilipita hapa wakati wa Vita vya Kagera, tope linaweza kukusimulia, mradi mtambo wa kuchimba kina haujapita.

Na mtambo umepita. Kuanzia 2017, kwenye mradi mkubwa wa kuboresha bandari, magati namba moja hadi saba yaliongezwa kina mpaka mita kumi na nne na nusu ili meli kubwa ziingie. Siwalaumu, meli kubwa tunazitaka. Nasema tu kwamba tope lilihamishwa, na kila kinachohamishwa kilikuwa na kumbukumbu ndani. Tangu Oktoba 2023, serikali iliposaini mkataba na DP World, na mwaka uliofuata mwendeshaji mwingine akaja upande wa makontena, idadi ya wenye mali imeongezeka tena. Ndoo yetu ikifika gatini sasa inakutana na mwekezaji. Ni vizuri nao wakawekwa kwenye daftari hilo hilo tangu mwanzo, wakati bado wageni, kabla hawajazoea.

Kuna jambo moja ambalo ofisi zetu zinalifanya pamoja na nalipenda: mafuta. Kwa mafuta ya meli kuna mpango wa taifa, TASAC ndiye mwenye filimbi, na wanafanya mazoezi. Kila mtu anajua kamba yake: nani anashusha vizuizi vinavyoelea, nani anazuia boti, nani anapiga simu. Sababu yake si siri. Mombasa walionja. Mwaka 1988 mafuta mazito yalimwagika yakaingia mkono wa bahari wa Makupa, mikoko ikafa imesimama. Mauritius walionja Julai 2020, meli ya MV Wakashio ilipopanda mwamba. Mafuta yana adabu moja, yanaonekana. Yanafanya rangi ya upinde wa mvua juu ya maji, yanampaka mbunge viatu, anapiga simu.

Kinyesi hakina upinde wa mvua. Na kinyesi, msikilizaji, ndicho kikubwa chetu. Sehemu ndogo tu ya jiji hili ndiyo iliyounganishwa kwenye mabomba ya majitaka. Hao waliounganishwa katikati ya mji, kwa miaka mingi majitaka yao yameelekezwa baharini kwa bomba, upande wa barabara tuliyokuwa tunaiita Ocean Road kabla haijapewa jina la Barack Obama, bila kupita kwenye mtambo wowote wa kusafisha. Si mbali na mlango wa bandari. DAWASA imekuwa na mpango wa mtambo Jangwani wa kulimaliza hilo. Wengine wote tuliobaki tuna mashimo. Na shimo likijaa, gari la kunyonya linataka hela. Kwa hiyo mvua ya masika ikianza kupiga bati saa nane za usiku, unasikia chepeo huko uani kwa jirani. Anatapisha. Neno hilo nililikuta mjini na nitazikwa nalo: kutapisha choo. Hakuna ofisa wa sampuli aliyeko boti saa nane za usiku kwenye mvua. Atakuja Jumatatu, saa nne, jua limewaka.

Mtu ataniambia, mzee, unatia chumvi. Sikiliza. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha kwamba kwenye milango ya mito ya pwani yetu wamekuta bakteria wa kipindupindu, aina ile yenye sumu. Jarida la kisayansi, lugha ya Kiingereza. Agosti mwaka huo huo kipindupindu kikaanza Dar es Salaam, kikasambaa nchini. Sisemi kilitoka kwenye mito hiyo, sina ushahidi, na kipindupindu kina njia nyingi za kuingia nyumbani kwa mtu. Nasema habari ilikuwa imeandikwa, na mama ntilie wa Tandale hakuwa na njia ya kukutana nayo.

Na hapo ndipo ushirikiano wa ofisi kwa ofisi hautoshi. Namba zikikaa ndani zinachacha. Mnakumbuka Machi 2022, Mto Mara? Maji yalikuwa meusi, yananuka, samaki wanaelea. Serikali ikaunda kamati, mwenyekiti Profesa Samwel Manyele, mtu aliyewahi kuwa Mkemia Mkuu. Wakapima. Jibu likaja: kinyesi na mikojo ya ng'ombe, pamoja na mimea iliyooza. Nchi nzima ikacheka. Watu wakauliza, ng'ombe wameanza kukojoa mwaka huu? Kikemia, uozo mwingi ukila oksijeni yote, samaki hufa, hilo halina ubishi. Lakini mtu wa kule kijijini hakuwa amewahi kubandikiwa namba za mto wake mwezi kwa mwezi, akazizoea kama anavyozoea bei ya mahindi. Mara ya kwanza anatajiwa kipimo, ni siku samaki wamekufa, na anatajiwa na mtu aliyetoka Dodoma na msafara. Hata lingekuwa jibu la malaika, lingetiliwa shaka.

Wenzetu wa New York walianza kupima maji ya bandari yao mwaka 1909, na wanaendelea mpaka leo. Sisemi ni wasafi, maji yao yalikuwa machafu kwa miongo mingi. Ila wakisema leo oksijeni imeongezeka, wana mstari wa zaidi ya miaka mia wa kukuonyesha, na yeyote anaweza kuuchukua na kuusoma. Sisi tumekuwa na vipande. Mwaka 2004 ulianza mradi mmoja mzuri wa nchi nane za ukanda wetu wa Bahari ya Hindi, WIO-LaB, chini ya Mkataba wa Nairobi. Uliiweka Dar es Salaam kwenye orodha ya maeneo yenye hali mbaya, ukaacha hata itifaki ya 2010 kuhusu uchafu unaotoka nchi kavu. Halafu mradi ukaisha, kama miradi inavyoisha. Wafadhili wakiondoka, barafu kwenye kasha inayeyuka.

Gharama? Kisahani cha padri anakitengeneza fundi yeyote wa Gerezani, kwa bati na rangi mbili. Boti TPA anayo. Maabara ziko kadhaa ndani ya jiji moja. Jedwali la maji kujaa na kupwa linachapishwa kila mwaka, mwaka mzima kabla, dakika kwa dakika. Kilichobaki ni mtu mmoja wa kuwapigia simu wenzake kumi na kuwaambia: Alhamisi hii mwezi umeandama, saa nne kasoro tukutane Magogoni, kila mtu na chupa zake.

Nilisema tutaifuata ndoo mpaka mwisho. Mwisho wake niliuona siku ile ile ya boti. Tulishukia ufukweni, upande wa soko la samaki. Palikuwa na mama mmoja wa makamo, khanga kiunoni, ndoo mbili tupu, beseni la dagaa lenye mchanga. Amekaa juu ya boya lililopinduliwa, anatafuna ubuyu. Nikamwuliza, mama, mbona umekaa na dagaa lako linapigwa jua, maji si hayo hapo?

Akanitazama kuanzia viatu. "Mwanangu," akasema, na mimi nina mvi, "haya ya sasa ni ya Kariakoo. Mimi nangoja ya bahari."

Yule kijana wa maabara alisimama na kasha lake begani. Akamwuliza ya bahari yanaingia saa ngapi. Mama akatazama mstari wa majani kwenye mchanga, akatazama ngalawa zilizolala ubavu.

"Saa nane hivi yatakuwa yamefika kwenye ile kamba. Bado ya mbele yanakuja na takataka, hayo siyachoti. Nachota saa tisa."

Kijana akatoa kalamu yake isiyofutika. Karatasi alikuwa ameifunga kwenye mfuko wa plastiki, hakutaka kuifungua. Akaandika saa tisa kwenye kiganja.